Mukimu Asiye Mwenyeji: Kwa Familia Zinazohamia Kuala Lumpur



Wasomaji wetu watukufu, zamani kijana wa pwani alipoondoka kwao kutafuta elimu, njia zake zilijulikana: Lamu, Unguja, Hadhramaut, Makka na Madina. Siku hizi njia nyingine imefunguka kuelekea mashariki. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa cha Malaysia, kilichoanzishwa mwaka 1983 na ambacho kiko Gombak, pembeni mwa jiji la Kuala Lumpur, kinasomesha kwa Kiingereza na Kiarabu, na watoto wa Afrika Mashariki wamo miongoni mwa wanafunzi wake. Wengine huenda peke yao. Wengine, hasa wanaofuata shahada za juu, huenda na wake zao na watoto wadogo. Wanapokuja kuaga huuliza habari za ada, tikiti na vibali, na ni haki yao kuuliza. Ni wachache wanaouliza: tukifika, tutaishi vipi? Leo, inshallah, tutalizungumza hilo.

Tuanze na sharia, kwa kuwa sharia imemtazama mgeni kwa jicho la makini kuliko tunavyodhani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii (Mwenyezi Mungu amrehemu), msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kuwa msafiri pale anapofika. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekwenda kukaa miaka mitatu hana ruhusa ya kupunguza sala wala ya kula mchana wa Ramadhani kwa hoja kwamba yuko ugenini. Yeye ni mukimu. Lakini wanazuoni wakaongeza daraja nyingine. Mukimu mwenye nia ya kurudi kwao hakuwa mustautini, yaani hakuufanya mji ule kuwa kwao. Huyu sala ya Ijumaa inamlazimu kama inavyowalazimu wenyeji, ila hahesabiwi katika wale watu arubaini ambao Ijumaa husimama kwao.

Hebu izingatieni hukumu hii, maana ndani yake mna sura nzima ya maisha ya ugenini. Mambo ya mji yanakulazimu, na huku wewe si katika idadi ya watu wake. Wapo wanaosahau nusu ya kwanza: miaka miwili imepita na masanduku bado hayajafunguliwa, jirani hajulikani jina, na kila kitu kinasubiri tutakaporudi. Wapo pia wanaosahau nusu ya pili, hata mtoto akaulizwa kwao ni wapi akashindwa kujibu. Familia inayofaulu ni ile inayobeba hukumu zote mbili kwa pamoja.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Mtu wa Mombasa atadhani joto analijua. Kuala Lumpur iko nyuzi tatu hivi kaskazini mwa ikweta, nasi tuko nyuzi nne kusini, kwa hiyo urefu wa mchana unakaribiana na wetu, na Ramadhani ya kule haina mchana mrefu kama wa Ulaya wakati wa kiangazi. Tofauti iko katika upepo na mvua. Jiji lile liko bara, mbali na bahari, halina matlai ya asubuhi wala kusi ya kupooza nyumba. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, takriban maradufu ya ile tuipatayo Mombasa, na mara nyingi hushuka alasiri kwa radi na kishindo, kisha ikakatika ghafla. Unyevu hauondoki. Viatu vya ngozi, mikoba, hata majalada ya vitabu huota ukungu kabatini. Mama mwenye nyumba afungue makabati mara kwa mara yapate hewa, na nguo za alasiri azianike chini ya paa.

Mbu wa kule anastahili tahadhari ya pekee. Homa ya dengi, ambayo Mombasa pia tumeionja, huenezwa na mbu anayeuma mchana, aghalabu asubuhi na kuelekea magharibi, na anayezaa katika maji yaliyotuama: kisahani cha chungu cha maua, ndoo iliyosahauliwa bafuni, gurudumu bovu uani. Yamwageni maji hayo kila wiki. Mtu akishikwa na homa kali, maumivu ya viungo na nyuma ya macho, aende hospitali akapimwe, wala asijinywee aspirini au ibuprofeni, kwani dawa hizo huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Iko pia miezi, hasa kati ya Juni na Septemba, ambapo moshi wa mioto ya misitu ya Sumatra huweza kufunika anga. Wenyewe huuita jerebu. Mwenye pumu ajitayarishe na dawa zake mapema.

Saa nazo zitakuchanganya. Malaysia iko mbele yetu kwa saa tano. Tena, kwa kuwa nchi ile imechagua saa za mashariki zaidi ya jua lake, jua huchwa kiasi cha saa moja na dakika kadhaa za usiku badala ya saa kumi na mbili na nusu tuliyoizoea, na huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Mtoto wa madrasa aliyezoea kwamba saa kumi na mbili na nusu asubuhi kumekucha atakuta bado giza. Na kibla kimehama. Sisi wa pwani tumezoea kuuita upande wa kaskazini kwa jina la kibla, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Kule kibla kiko magharibi, kimeelemea kidogo kaskazini. Jambo la kwanza kufanywa katika nyumba mpya ni kukitafuta kibla na kutandika mswala, ili watoto wajue kwamba mji umebadilika lakini nyumba bado inaelekea pale pale.

Nyumba yenyewe aghalabu itakuwa fleti katika jengo refu. Kwa desturi ya kule, anayepanga hutakiwa kutoa amana ya kodi ya miezi miwili, nusu mwezi kwa ajili ya maji na umeme, na kodi ya mwezi wa kwanza. Hii maana yake ni kwamba siku ya kupokea ufunguo unahitaji kodi ya miezi mitatu na nusu mkononi. Familia nyingi huyajua haya zikiwa tayari zimeshafika, zikaanza maisha kwa deni. Ulizeni pia ada za shule za watoto kabla ya kukata tikiti, kwa kuwa shule za serikali husomesha kwa Kimalei na shule za kimataifa ni ghali. Na mama mja mzito ajue kwamba katika hospitali za serikali za kule mgeni hutozwa zaidi kuliko raia. Mambo haya matatu, yaani amana, shule na uzazi, yaandikwe katika karatasi moja na yajadiliwe na mume na mke wakiwa pamoja, wala yasiachwe kifuani mwa mume peke yake.

Kwa upande wa chakula, Alhamdulillahi, ugeni ni mwepesi. Waislamu ni zaidi ya nusu ya watu wa nchi ile, na idara yao ya maendeleo ya Kiislamu, JAKIM, hutoa alama ya halali inayobandikwa kwenye bidhaa na mikahawa. Msighafilike hata hivyo, kwa kuwa nchi ile ina wasiokuwa Waislamu wengi, na nguruwe na pombe huuzwa kihalali kwa sheria za nchi. Itazameni alama. Mama wa pwani atakapoonja nasi lemak atacheka, kwani ni wali wa nazi, ila wao huula asubuhi pamoja na pilipili ya kusaga, dagaa wa kukaanga na yai. Satay atazijua kuwa ni binamu wa mishkaki. Sokoni atakuta shokishoki, mafenesi, na mbirimbi za kutilia achari. Doriani pia atalikuta, nalo kwa harufu yake limekatazwa kuingizwa katika treni na hoteli nyingi.

Lugha nayo ina milango iliyo wazi kwetu. Kimalei kimekunywa Kiarabu kutoka kisima kile kile tulichonywa sisi. Wao husema waktu, sisi wakati. Wao rezeki, sisi riziki. Wao sabun, sisi sabuni. Dunia ni dunia kwetu sote. Anayekuuliza hali husema "apa khabar?", na Mswahili anaelewa kabla ya kufundishwa. Tahadharini tu na maneno yanayofanana sura yakatofautiana maana: duka kwao ni huzuni, na dua ni namba mbili, ambapo ile dua yetu wao huiita doa. Mwanamke wa makamo humwita makcik, kama sisi tunavyomwita mtu shangazi au mama fulani, na mwanamke aliyekuzidi umri kidogo humwita kak, yaani dada. Haifai kumwita mtu mzima jina lake kavu. Katika adabu hii mtoto wetu aliyelelewa vyema hatapata shida.

Tena wao ni watu wa Imamu Shafii kama sisi. Watasoma kunuti katika sala ya alfajiri, na watasoma maulidi ya Barzanji. Karibu kila soko kubwa, kituo cha mafuta na kituo cha treni pana chumba cha kusalia, wakiita surau, chenye upande wa wanawake. Ndani yake mara nyingi hutundikwa vazi la sala liitwalo telekung kwa ajili ya yeyote anayelihitaji. Wanawake wetu wengi wamezoea kusali majumbani. Kule watakuta mlango wa msikiti uko wazi kwao, na nitaeleza sasa hivi kwa nini jambo hili lina uzito.

Mashauri ya ndoa yanayotufikia kutoka kwa familia zilizoko nje ni nadra kuanza kwa ugomvi mkubwa. Huanza kwa kimya. Mume huondoka asubuhi. Ana darasa lake, ana maktaba, ana wenziwe wa kula nao mchana na kusali nao adhuhuri, na siku inampita mara moja. Mke yuko ghorofa ya kumi na mbili na mtoto mchanga. Kibali chake ni cha kumfuata mume mwanafunzi, hakimruhusu kuajiriwa. Nyumbani alikuwa na mama, na khaloo, na jirani wa kumwachia mtoto akaenda kuoga. Alikuwa na harusi za kuhudhuria, na matanga, na darsa ya wanawake ya Alkhamisi. Vyote hivyo vimekatwa siku moja. Mume anarudi jioni amechoka, anamkuta mkewe amenuna, anasema: "Nimekuleta nchi nzuri, mbona hushukuru?" Hapo ndipo jeraha linapoanza.

Enyi waume, sikilizeni kisa cha Bibi Asmaa bint Umays (Mwenyezi Mungu amridhie). Alihajiri na mumewe, Sayyidna Jaafar, kwenda Uhabeshi, akakaa huko miaka mingi na kuzaa watoto wake huko huko. Waliporudi Madina mwaka wa 7 Hijria, wakati wa Khaybar, Sayyidna Umar alimwambia kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa Hijra, na hivyo wana haki zaidi kwa Mtume (S.A.W.). Bibi huyu alikasirika. Akamjibu kwamba wao walikuwa pamoja na Mtume akimlisha mwenye njaa wao na kumuonya asiyejua wao, na huku wenziwao wako katika nchi ya mbali na ya watu wasiowapenda, wakiudhiwa na kuogopa. Akaapa kwamba hatakula wala hatakunywa mpaka amfikishie Mtume maneno hayo. Alipomweleza, Mtume (S.A.W.) hakumwambia anyamaze wala ashukuru. Alimbainishia kwamba Umar na wenzake wana Hijra moja, na watu wa jahazi wana Hijra mbili. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, na imesimuliwa kwamba wale waliohajiri Uhabeshi walikuwa wakimjia makundi makundi kumuomba awasimulie tena, kwa furaha ya neno lile.

Funzo hapa ni kwamba uzito wa ugeni una hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu, na mwanamke aliyeubeba ana haki ya kuutaja kwa ulimi wake na kusikilizwa. Mume asiyemsikiliza mkewe kwa kuwa yeye ndiye mwenye barua ya chuo amesahau kwamba barua ile ilikuja kwa jina moja, lakini waliohama ni wawili au watano.

Kwa hiyo, katika miezi mitatu ya kwanza, mume na amtekelezee mkewe mambo haya. Kwanza, amfundishe njia: apande naye treni mara mbili tatu mpaka ajue mwenyewe kwenda sokoni, zahanati na msikitini bila kumngoja. Pili, awe na siku moja katika wiki ambayo mtoto ni wa baba, na mama atoke. Tatu, amtafutie wanawake wenziwe kabla ya kujitafutia yeye wanaume wenziwe: wake za wanafunzi wa kwetu, darsa za wanawake msikitini, madarasa ya Kimalei. Nne, fedha za matumizi zijulikane kwa wote wawili. Mwanamke asiyejua njia, asiye na rafiki na asiye na ringgit mkononi ni mfungwa, hata akiwa katika fleti yenye bustani na kidimbwi cha kuogelea.

Nawe dada yangu, mlango wa jirani ubishe wewe. Chukua sahani ya vitumbua au kaimati, umpelekee makcik wa mlango wa pili. Wamalei ni wapole na wenye haya, huenda wakangoja uanze wewe. Na kama umekwenda na mimba, jua kwamba wanawake wa kule nao wana arubaini yao. Wao huhesabu siku arubaini na nne: mzazi hukandwa, huwekewa jiwe la moto lililofungwa kitambaani, hulishwa vyakula maalumu na hufungwa tumbo kwa kitambaa kirefu, kama sisi tunavyofunga mkaja. Makcik aliyezaa wanne, hata kama hamjuani lugha, anajua mzazi anahitaji nini. Yule uliyempelekea vitumbua mwezi wa kwanza ndiye atakayekuja na supu mwezi wa tisa.

Kina mama mliobaki nyumbani, na mavyaa pia, nanyi mna sehemu yenu. Saa saba mchana Mombasa ni saa kumi na mbili jioni kule, wakati mzuri wa kupiga simu. Saa tatu ya usiku kwetu, kwao ni saa nane ya usiku, kwa hiyo msiwaamshe kwa habari za harusi. Msimtumie binti kila tatizo la ukoo kabla halijapoa, kwani yeye hana pa kuliweka wala uwezo wa kulitatua. Wala msidhani kwamba aliyeko ng'ambo ana fedha. Mwanafunzi mwenye familia aghalabu anahesabu ringgit moja moja, na ombi la mchango wa kila mwezi linaweza kumfanya mume na mke wagombane kwa jambo ambalo si lao.

Watoto wazungumzeni Kiswahili ndani ya nyumba, bila kubagua siku. Shuleni watapata Kiingereza, mtaani watapata Kimalei, msikitini watapata Kiarabu. Kiswahili hakina mwalimu mwingine isipokuwa baba na mama. Mtoto asiyejua lugha ya bibi yake atakaporudi atakuwa mgeni mara ya pili, safari hii katika nyumba yake mwenyewe.

Jitayarisheni pia kwa Idd ya kwanza. Mkesha wake jiji hunyamaza, kwani wenyeji wengi hurudi vijijini kwa wazee wao, na familia ya kigeni hujiona imeachwa pekee. Msikate tamaa. Shawwal yote ni mwezi wa kufungua nyumba: watu huwaalika jamaa, majirani na wafanyakazi wenzao, Waislamu na wasio Waislamu, waje wale. Mkialikwa nendeni, vueni viatu mlangoni, na kuleni hata kidogo. Kisha nanyi fungueni nyumba yenu siku moja, mpike pilau, muwaalike.

Na moyo ukiendelea kuuma, msione haya. Sahaba watukufu walipohamia Madina, Sayyidna Abubakar na Sayyidna Bilal walishikwa na homa, na Bilal akawa anayataja kwa shauku mabonde na majani ya Makka. Mtume (S.A.W.) hakuwalaumu kwa kuipenda nchi yao. Aliomba Madina ipendeze kwao kama Makka au zaidi, na homa yake iondolewe. Basi nasi tuwaombee watoto wetu walioko Gombak na kwingineko: Mwenyezi Mungu aipendezeshe kwao nchi wanayoishi, awahifadhie dini na ndoa zao, awape elimu yenye manufaa, na awarejeshe kwa wazazi wao wakiwa salama, wazazi nao wakiwa hai na afya njema. Amin.